Kutoka Kisesa hadi Ziwani: Magati ya Mialo Yanavyoandaliwa kwa Masika

Gati la mwaloni, yaani la ufuko wa kushushia samaki, huandaliwa kwa masika kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Februari. Huo ndio upenyo wa ukavu ambao Kanda ya Ziwa hupata baada ya mvua za vuli na kabla ya mvua za Machi hadi Mei. Fundi akichelewa hadi mawingu ya Machi, nguzo aliyotaka kuibadilisha itakuwa imezama zaidi, na mbao alizonunua hazitakauka tena. Huko Kanada na Ufini, ambako maziwa huganda, magati madogo huvutwa nchi kavu kabla barafu haijayashika na kuyang'oa. Mwanza iko digrii mbili na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo gati lake hukaa majini mwaka mzima. Linaloliandama ni maji yasiyotulia mahali pamoja, dhoruba za usiku, gugumaji na kuoza.

Safari ya kuyatazama magati hayo inaanzia vizuri Kisesa. Mji huu wa Wilaya ya Magu uko kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, kilomita 20 hivi mashariki ya jiji. Ukiwa stendi huoni ziwa, lakini vifaa vya ziwani vinapita hapo: mbao, misumari, kamba, mapipa matupu. Njia ya Usagara inakata upande wa kusini, na upande wa kaskazini, baada ya Bujora, ipo njia ya Kayenze. Asubuhi niliyopita, mwezi wa Februari, guta moja lilikuwa limebeba nguzo za mkaratusi ndefu kuliko lenyewe, zimefungwa kitambaa chekundu nyuma, likielekea huko huko ziwani. Kwa mtu anayetaka kujua lini kazi ya mwaloni imeanza, mizigo inayopita Kisesa inatosha kumwambia.

Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma, pana kalenda nyingine inayokwenda sambamba na ya ziwa. Ngoma za Bulabo huchezwa hapo kila Juni, baada ya mavuno. Ni wakati huo huo ziwa huwa limefika juu kabisa kwa mwaka, kwa sababu maji ya masika yamekwisha kukusanyika. Baada ya hapo hushuka polepole hadi Oktoba. Tofauti kati ya kilele na chini kwa mwaka wa kawaida haifiki nusu mita, na mafundi wengi hujenga wakiwa na nusu mita hiyo kichwani.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la magati ya ziwa hili. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha mwisho ni kama mita 80 tu. Ni sinia pana. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka hupaa kama mvuke. Mito kama Kagera na Simiyu huleta kiasi kilichobaki, na Nile huondoka na chake kupitia Jinja, Uganda. Sinia la namna hiyo likipata misimu michache mfululizo ya mvua nyingi, hupanda. Na kushuka kwake huchukua miaka. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilianzisha mpando wa takribani mita mbili na nusu uliofika kileleni Mei 1964. Magati na mialo iliyokuwa imejengwa kwa kufuata maji ya miaka ya 1950 ilimezwa. Mwaka 2006, baada ya ukame na baada ya maji mengi kuachiwa kwenye mabwawa ya Jinja, ziwa lilishuka hadi mitumbwi ikawa inakwama kwenye tope mbali na ngazi za kushukia. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na Mei 2024 kikavuka hata hapo. Kati ya chini ya 2006 na juu ya 2020 kuna zaidi ya mita 2 za wima.

Mita 2 za wima si jambo dogo kwenye ufuko wa mteremko mdogo. Ufuko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50 za kwenda mbele husogezwa mita 100 na maji hayo. Gati lenye urefu wa mita 30 linaweza kujikuta mwaka mmoja liko lote nchi kavu na mwaka mwingine liko lote chini ya maji, nguzo zake zikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la maandalizi si gati lina uimara gani. Ni maji yamewahi kufika wapi hapa, na lini. Wazee wa mwaloni wanalo jibu, na miamba inalo pia: mawe ya matale ya Mwanza hubaki na mstari mweupe pale maji yalipokaa kwa muda, na mistari hiyo huonekana kwa macho kuanzia Kayenze hadi Jiwe la Bismarck mjini. Sitaha ya gati la kudumu inapaswa kukaa juu ya mstari wa juu kabisa kati ya hiyo, tena kwa nafasi ya kutosha wimbi lipite chini yake.

Kayenze iko Wilaya ya Ilemela, inatazama Ghuba ya Speke na kisiwa cha Bezi. Ni mwalo wa dagaa na sangara, na kazi ya gati hapa hufanyika wazi, mbele ya kila mtu. Ukaguzi huanzia chini, si juu. Anayekagua sitaha kwanza hudanganywa na mbao nzima zilizokaa juu ya nguzo zilizokwisha.

Sehemu mbaya ya nguzo haiko chini kabisa. Mti uliozama moja kwa moja kwenye tope hudumu miaka mingi, kwa kuwa kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji hewa. Sehemu iliyo juu kabisa hulowa na kukauka upesi kwa jua. Ugonjwa uko katikati, kwenye ukanda ambao leo umelowa na kesho uko wazi: hapo maji na hewa vinakutana, na hapo nguzo hukatika. Ziwa likipanda na kushuka kwa miaka, ukanda huo hupanda na kushuka pia, na nguzo moja huweza kuwa na makovu mawili au matatu ya kuoza kwenye kimo tofauti.

Fundi aliyekuwa akikagua siku hiyo, mzee mwenye nyundo ndogo na msumari wa inchi sita, alifanya kazi yote kwa kusikiliza. Alizipiga nguzo tatu za kwanza usawa wa goti, zikajibu kwa sauti kavu. Ya nne ilitoa mvumo mzito. Akaweka ncha ya msumari pale pale, akasukuma kwa kiganja bila nyundo, na chuma kikazama urefu wa kidole. Maji ya kahawia yakachuruzika kutoka kwenye tundu. "Hii imeshakufa, mwanangu," alisema. "Inashikiliwa na wenzake." Ndivyo mzigo wa gati unavyokwenda: nguzo iliyokufa haionekani kwa sababu za jirani zimebeba sehemu yake, hadi siku wimbi linapozitikisa zote kwa pamoja.

Ziwa lina mtoboaji wake pia. Pwani ya Bahari ya Hindi mbao huliwa na minyoo ya chumvi, na ndiyo sababu majahazi husafishwa na kupakwa dawa mara kwa mara. Minyoo hiyo haiishi kwenye maji baridi ya ziwa. Badala yake kuna mdudu aitwaye Povilla adusta, ambaye akiwa mtoto huchimba vijishimo kwenye mbao zilizozama, na hushambulia nguzo na hata ubao wa chombo. Akikomaa huruka juu ya maji kwa muda mfupi sana, huzaa na kufa. Watafiti waliomchunguza Ziwa Victoria miaka ya 1950 waligundua kwamba makundi yake hutoka kwa wingi usiku wa pili baada ya mwezi mpevu. Nguzo yenye matundu mengi madogo ya duara chini ya maji ndiyo aliyoitumia. Ikifika hapo, kuifunga kwa waya ni kupoteza waya.

Mti uliopendwa zamani ni mvule, mgumu na mvumilivu majini, lakini sasa ni adimu na ghali. Nguzo nyingi za leo ni za mkaratusi, na sitaha ni msonobari uliotiwa dawa kiwandani. Mkaratusi unafaa ukiwa umekauka na umechomwa au umetiwa dawa ipasavyo; ukikatwa wiki hii na kuzamishwa wiki ijayo, hupasuka kwa urefu na ufa wake hunywa maji. Boliti na nati zake ziwe za chuma kilichopakwa zinki. Maji ya ziwa hayali chuma haraka kama ya bahari, lakini ukanda ule ule wa kulowa na kukauka hukila vile vile. Boliti iliyovimba kutu isikazwe tu. Itolewe, tundu lisafishwe, iwekwe nyingine.

Kuna desturi moja inayostahili kukomeshwa kabisa. Oili chafu ya magari, ambayo nchi nzima hupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, hupakwa pia kwenye magati. Ikinyesha mvua ya kwanza, huteremka majini na kutanda palepale dagaa wanaposhushwa na wanawake wanapochota maji. Ziwa hili ndilo kisima cha Mwanza kupitia mtambo wa Capri Point, na tangu 2009 maji yake yanavutwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani na kukauka vizuri inagharimu zaidi siku ya kununua, na kwa kweli hakuna sababu nzuri ya kuacha kuinunua kwa gati la umma.

Baada ya nguzo huja sitaha. Mbao zake huachiwa nafasi ya kama kidole kimoja kati ya moja na nyingine. Nafasi hiyo hupitisha mvua kwenda chini, na zaidi ya hapo hupitisha pumzi ya wimbi linalopiga kutoka chini kwenda juu. Sitaha iliyozibwa huinuliwa na wimbi kama mlango. Mbao mbili au tatu za mwisho, upande wa ziwani, afadhali zishikwe kwa boliti zinazofunguka, ili zitolewe zote kabla ya usiku wa dhoruba inayotarajiwa. Matairi chakavu yanayokinga ubavu wa vyombo hukaguliwa kamba zake, kwa kuwa tairi lililokatika hugeuka nyundo dhidi ya nguzo.

Pale ufuko ulipo na mteremko mdogo, gati linaloelea ni jibu bora kuliko nguzo ndefu. Huundwa kwa mapipa ya plastiki ya lita 200 yaliyofungwa chini ya fremu ya mbao. Pipa moja likizama lote hubeba takribani kilo 180 zaidi ya uzito wake, lakini hesabu ya busara huchukua nusu yake tu, ili nusu nyingine ya pipa ibaki juu ya maji. Sehemu ya kwanza ya gati hushikwa nchi kavu kwa bawaba, na nyororo za nanga huachiwa ulegevu wa kutosha maji yakipanda. Nyororo iliyokazwa Februari huwa imeizamisha pembe moja ya gati ifikapo Mei. Maandalizi yake ni mepesi: kila pipa hufunguliwa kizibo na kumwagwa maji yaliyopenya, na gati zima husogezwa mbele au nyuma kufuata ufuko.

Wafanyao kazi hii husimama majini kwa saa nyingi, na ufuko wa Mwanza una kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, yaani chini ya magati hasa. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo kazi ya majini hufanywa mapema, jua likiwa tayari limetoka lakini halijawa kali, na si gizani, ambapo kuna viboko. Majani yaliyo chini ya gati hung'olewa na kupelekwa mbali na maji. Fundi wa magati apimwe na kutibiwa kila mwaka; dawa ya prazikwanteli inafahamika katika vituo vya afya vya kanda hii.

Kutoka Kayenze njia ya kwenda jijini inafuata ziwa hadi Igombe. Huko inaonekana jambo ambalo mgeni hulidhania kuwa uvivu: siku kadhaa kila mwezi mitumbwi ya dagaa imelala mchangani, na watu wako kivulini. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi penye mbalamwezi. Siku hizo za mwezi mpevu ndizo siku za kazi ya nchi kavu. Chombo hugeuzwa, mianya ya mbao hukwanguliwa na kutiwa kalafati ya pamba, misumari iliyolegea hupigwa upya, na gati hupata mikono ambayo wiki mbili baadaye haitapatikana. Mwezi mpevu wa Februari, kwa hiyo, ndio wa kuandalia masika. Mitumbwi inayobaki nchi kavu huvutwa juu ya mstari wa maji ya Juni, wala si ya siku hiyo.

Mwaloni Kirumba, jijini, ni soko la samaki linalouza dagaa hadi Kongo, na gati lake halipati hata siku moja ya kupumzika. Tatizo lake kubwa ni gugumaji na taka. Gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na ingawa mbawakawa walioletwa kulila miaka ya 1990 walilipunguza sana, mvua kubwa huleta rutuba kutoka mitoni nalo hustawi tena. Upepo hulisukuma kwa mkeka mmoja hadi kwenye ghuba, na mkeka huo hulala ubavuni mwa gati ukiwa na uzito wa kulisukuma. Nguvu ya majani ya namna hiyo si ya kudharauliwa: tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kilifika bwawa la Nalubaale, Jinja, na Uganda karibu yote ikazimika umeme. Mwaloni, kinga ni kamba yenye maboya iliyokingama mbele ya gati, na watu wa kuvuta majani kila siku. Yakiachwa ukingoni yaoze, wimbi la kwanza huyarudisha.

Bandari ya Mwanza Kusini inaonyesha jinsi tatizo la maji yanayopanda na kushuka linavyotatuliwa kwa fedha nyingi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu miaka ya 1960 meli za mabehewa kama MV Umoja hupakia mabehewa ya gari moshi kutoka kwenye gati lenye daraja linaloinuliwa na kushushwa. Ziwa likipanda, daraja hupandishwa, na reli ya nchi kavu hukutana na reli ya melini. Gati la mapipa linaloelea linafuata kanuni hiyo hiyo.

Jambo la mwisho la maandalizi ni usiku. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo usiku upepo hutoka pande zote za ziwa kuelekea katikati, hukutana, na hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili huja usiku wa manane hadi alfajiri, wakati wavuvi wako mbali. Makadirio yanayonukuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani yanataja wavuvi 3,000 hadi 5,000 wanaofariki kila mwaka katika ziwa lote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa, na mwalo ulioandaliwa vizuri una mtu mmoja mwenye wajibu wa kuupokea kila jioni na kuutangaza kabla ya mitumbwi kuondoka. Gati liwe na taa nyeupe mwishoni mwake, inayowaka kwa jua lililohifadhiwa mchana, na boya lenye kamba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Mahali pa kufikia ni sehemu ya hatari ya safari, na gati lenyewe linapaswa kuwaweka abiria nyuma ya kamba hadi chombo kifungwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, nayo ni sheria nzuri. Lakini mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani, hilo mwalo hauwezi kulijibu bila kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo haihitaji mradi. Inahitaji mstari wa rangi na namba kwenye jiwe moja lisilosogea, na daftari. Vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) tayari vina madaftari ya samaki na ya vyombo. Kabla ya Machi ijayo, kila mwalo kuanzia Kayenze hadi Kirumba uchore kipimo chake mwambani, na kila tarehe 1 ya mwezi katibu aandike maji yamefika wapi.